Daftari la Mama na Kompyuta ya Mapokezi

Anayefika asubuhi katika Kituo cha Afya Levolosi, katikati ya Jiji la Arusha, huwakuta akina mama wameketi kwenye mabenchi wakisubiri zamu zao, wengi wakiwa na kadi ya kliniki mkononi na chini ya kadi hiyo daftari la kawaida la shule. Daftari hilo hununuliwa dukani kwa shilingi mia chache, lakini ndani yake mmeandikwa maisha ya mgonjwa: shinikizo la damu la mwezi Machi, kiwango cha wekundu wa damu, dawa alizopewa, na maandishi ya daktari ambayo, nakiri, hata daktari mwenzake mara nyingine hushindwa kuyasoma. Mama akihamia Ngaramtoni au Usa River, daftari huhama naye. Likilowa mvua au likisahaulika kwenye daladala, historia yake huanza upya.

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, na kwa miaka mingi nimewapokea wajawazito waliopewa rufaa wakiwa na daftari kama hilo pekee. Nilipokuwa kijana niliamini kwamba kompyuta ikishafika hospitalini, adha hii itakwisha. Leo bado naamini kwamba kompyuta ina nafasi yake, ila imani yangu imepata masharti.

Wengi hudhani kwamba mifumo ya kidijitali ya hospitali ni mali ya Ulaya na Marekani inayoletwa kwetu ikiwa imekamilika. Si hivyo kabisa. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI walipoongezeka, ilionekana wazi kwamba tiba ya maisha yote haiwezi kufuatiliwa kwa mafaili ya karatasi pekee. Kutokana na uzoefu huo ulibuniwa mwaka 2004 mfumo wa OpenMRS, ukaanza kutumika Eldoret mwaka 2006, na kwa kuwa hauuzwi, nchi nyingi zimeuchukua na kuurekebisha kulingana na mahitaji yao. Vivyo hivyo DHIS2, ambao ni mfumo wa takwimu unaotumika katika nchi yetu nzima tangu mwaka 2013, una mizizi yake Afrika Kusini ya miaka ya 1990, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo.

Hata hivyo mifumo hii miwili inajibu maswali tofauti, na hapa ndipo wahudumu wengi wanapochanganyikiwa. Mmoja huuliza: mgonjwa huyu aliye mbele yangu ana nini, na alipewa nini mara ya mwisho? Mwingine huuliza: wilaya hii ina wagonjwa wangapi wa malaria mwezi huu? Swali la pili lina thamani kubwa kwa wapangaji wa huduma, lakini halimsaidii muuguzi wa zamu ya usiku. Yeye hujaza kitabu cha MTUHA namba 12 cha leba, kisha huketi kwenye kompyuta na kuyaandika yaleyale, huku mama mwingine akimwita kwa sauti ya uchungu. Takwimu hupanda juu kama moshi wa jikoni, na ni nadra zimrudie aliyewasha moto. Nikisikia wakubwa wakilalamika kwamba wauguzi hawajazi mfumo ipasavyo, hutamani waketi nao usiku mmoja tu.

Niruhusu nieleze usiku mmoja wa kwangu. Ilikuwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Aliletwa mjamzito wa miezi minane, uso na miguu vimevimba, shinikizo la damu likiwa 170 kwa 115, akilalamika kichwa na macho kuona ukungu. Muuguzi akaniambia kwamba vipimo vyake vya damu vilichukuliwa mchana na majibu yamo kwenye mfumo. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta ilikuwa inahudumia chumba cha upasuaji peke yake, na seva ilikuwa imezimika. Majibu yalikuwapo, na hatukuweza kuyaona. Tulimwanzishia magnesiamu salfeti na dawa ya kushusha shinikizo, kwani hayo hayangoji maabara, lakini ili kuamua kuhusu upasuaji na aina ya nusukaputi nilihitaji kujua idadi ya chembe sahani za damu. Ndipo dada yake akafungua mkoba na kutoa daftari. Mtaalamu mmoja wa maabara, sijui nani hadi leo, alikuwa ameyanakili majibu yote kwa kalamu ya buluu, tarehe na saa vikiwamo.

Mama yule na mtoto wake walitoka salama. Lakini nimewahi kujiuliza mara nyingi ingekuwaje kama mtaalamu yule angejisemea kwamba mfumo unatosha.

Je, basi turudi kwenye karatasi? Hapana, na ushahidi wa kukataa jibu hilo upo hapahapa nchini. Mwaka 2009, katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, vituo 129 vilianza kutuma kila wiki idadi ya dawa mseto za malaria vilizonazo, kwa ujumbe mfupi wa simu usiomgharimu mtumaji. Mwanzoni, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa za malaria zilizofuatiliwa. Baada ya wiki 21 vilibaki 26. Simu hizo zilikuwa za kawaida kabisa. Kilichofanya kazi ni kwamba wilayani alikuwapo mtu aliyeusoma ujumbe na aliyekuwa na uwezo wa kuhamisha dawa kutoka kituo chenye ziada kwenda kisicho nacho.

Mfano wa pili unawahusu zaidi wazazi. Katika mikoa ya Mbeya na Morogoro ulifanyika utafiti, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2024, ambamo wahudumu katika baadhi ya vituo walipewa kishikwambi chenye mwongozo wa kumpima mtoto mgonjwa hatua kwa hatua. Katika vituo vya kawaida, watoto wapatao 70 katika kila 100 waliandikiwa antibiotiki. Penye kishikwambi walikuwa 23 hivi, na hali za watoto hao baada ya siku saba hazikuwa mbaya kuliko za wenzao. Mzazi ambaye mhudumu amemwambia kwamba mafua ya mwanawe hayahitaji antibiotiki asidhani amenyimwa haki. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa tunauona wodini, kwa akina mama ambao vidonda vyao vya upasuaji havisikii tena dawa tulizozitegemea.

Kwa upande mwingine, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, mradi wa PartoMa ulitumia kijitabu cha karatasi cha kurasa nane na mafunzo mafupi ya mara kwa mara kwa wakunga na madaktari, na watoto waliozaliwa wafu wakapungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila vizazi 1,000. Hakuna kompyuta hata moja katika habari hiyo. Waliotunga kijitabu kile walikaa kwanza na wakunga wenyewe, wakauliza ni nini kinachowezekana pale ambapo mkunga mmoja anawahudumia wanawake wengi kwa wakati mmoja.

Arusha haina upungufu wa vijana wenye ujuzi wa TEHAMA. Pale Tengeru tu ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Wabunifu wanaponijia na programu mpya, kutoka chuo chochote kile, huwauliza umeme ukikatika itakuwaje. Huwauliza pia ni kitabu gani cha MTUHA ambacho muuguzi ataacha kukijaza siku programu yao itakapoanza. Wakijibu kwamba hakuna, huwaomba warudi wodini wakatazame tena. Na nani atakayelipia matengenezo baada ya mfadhili kuondoka? Swali hili la mwisho huwanyamazisha wengi, nami siwalaumu, kwa sababu jibu lake haliko mikononi mwao.

Lipo pia suala la siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Nywila ya mtu mmoja ikitumiwa na zamu nzima, hakuna ajuaye nani alifungua majibu ya nani. Mgonjwa ana haki ya kuuliza nani anaona taarifa zake, na mhudumu asilichukulie swali hilo kuwa ni utovu wa adabu.

Hivi karibuni mama mmoja aliniuliza, akiwa amejipanga kuandikishwa mapokezi: "Shikamoo daktari. Nikishaingizwa kwenye kompyuta, hili daftari nilitupe?" Nilimwambia, "Marahaba mama. Usilitupe, na ukienda kituo kingine nenda nalo." Kwa mjamzito aliye nyumbani na ameona damu, amepata degedege au kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu, namba ya kupiga ni 115, bila malipo, ili m-mama impatie usafiri, kadi na daftari aende navyo. Na mhudumu anayeandika rufaa kutoka Levolosi kwenda Mount Meru, hata kama ameshaijaza kwenye mfumo, aandike pia kwa mkono shinikizo la mwisho, dawa iliyotolewa na saa iliyotolewa.