Mhindi hachezi mpira? Nani kasema!

SIKILIZA msomaji wangu, leo sina stori ya mapenzi wala ya mitindo. Leo naungama. Siungami kwa padri, naungama kwako wewe uliyenunua gazeti kwa hela yako, na ukimaliza kusoma uko huru kunisonya.

Nilikuwa na miaka 17, nahodha wa timu ya mtaa hapa Kigera, Musoma. Ukisema nahodha watu wanafikiria jezi na kitambaa cha mkononi. Thubutu! Unahodha wetu ulikuwa ni kupanga timu na kugombana na wenye ng'ombe waliopitisha mifugo katikati ya uwanja. Viatu ilikuwa bahati ya mtu, wengi tulicheza peku au na yeboyebo.

Siku moja akaja kijana wa Kihindi, rika letu kabisa. Baba yake alikuwa na duka mjini. Alikuja na baiskeli, njumu kazifunga shingoni kwa kamba, na mpira mpya namba tano, umejaa upepo mpaka unalia ukiugonga. Akasalimia, "Mambo vipi washkaji?" kwa Kiswahili cha hapahapa, maana kazaliwa hapahapa. Akasema anacheza winga ya kulia, namba saba.

Tulicheka, jamani. Mmoja wetu akadakia, "Mhindi na mpira wapi na wapi? Huyu kazi yake kaunta!" Mimi nahodha nikatoa hukumu: mpira wake tuutumie, yeye ashike daftari awe anaandika wafungaji. "Si mnajua mahesabu nyie?" nikamwambia.

Akashika daftari. Wiki tatu nzima anakuja na mpira wake, anakaa juu ya jiwe, anaandika.

Jumamosi moja tulikuwa na mechi na vijana wa mtaa wa pili. Mwenzetu mmoja hakutokea, kapelekwa na mjomba wake kwenye dagaa. Tukabaki kumi. Yule kijana akavaa njumu zake, akafunga kamba taratibu, akasimama pembeni ananiangalia. Na mimi nikamwangalia. Halafu nikasema, "Tunaanza hivyohivyo, kumi."

Tulifungwa tatu bila. La tatu lilipitia upande wetu wa kulia, ambako hakukuwa na mtu.

Filimbi ilipolia alinipa daftari mkononi, akapanda baiskeli akaenda zake. Mpira hakuuchukua. Tuliucheza mpaka ukapasuka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mwenyewe yuko wapi.

MPIRA WA YAI

Sasa utauliza, kulikoni leo nikumbuke mambo ya zamani? Ni kibanda umiza. Majuzi tulikuwa tunasubiri mechi ya Uingereza, mwenye kibanda akatuwekea marudio ya ule mpira wa Kimarekani, wenye mpira uliochongoka kama yai na wanaume waliovaa helmeti kama bodaboda. Watu wakapiga kelele, "Toa hiyo, hawa wanacheza au wanapigana?" Mimi nikanasa. Nikaanza kuutafuta, na nilichokikuta ndicho kilichonirudisha kwenye lile jiwe la Kigera.

Kwa asiyeujua: kila upande wanaume 11, na kila mmoja ana kazi yake maalumu. Kuna wa kusukumana, kuna wa kukimbia, kuna wa kudaka. Katikati yao yupo bwana mkubwa anaitwa kotabeki. Huyo ndiye dereva wa basi. Anapokea mpira, anasoma adui kajipangaje, na ndani ya sekunde chache aamue aurushe kwa nani.

Mwanzoni kabisa weusi walikuwemo. Mwaka 1921 mtu mweusi, Fritz Pollard, alikuwa hadi kocha wa timu ya Akron. Halafu mlango ukafungwa kimyakimya. Kuanzia 1934 mpaka 1945 ligi yao kuu, NFL, haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Hakuna tangazo lililobandikwa ukutani. Watu walielewana tu kwa macho, kama tulivyoelewana sisi pale uwanjani. Mwaka 1946 Kenny Washington na Woody Strode wakaingia timu ya Los Angeles, na timu ya mwisho kukubali, ile ya mji mkuu wao Washington, ilisubiri mpaka 1962.

Hapo utadhani mambo yamekwisha. Wapi! Kuingia uwanjani ni kitu kimoja, kupewa namba unayoiweza ni kingine. Mweusi akapewa kazi za mbio na nguvu. Usukani akanyimwa, kwa kisingizio kwamba ule unataka akili na uongozi.

Mtazame Warren Moon. Mwaka 1978 alikuwa ametoka kuipa ushindi timu ya chuo kikuu chake kwenye mechi kubwa ya Rose Bowl, na yeye ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa mechi. Ulipofika mchujo wa timu za kulipwa kuchagua vijana, hakuna iliyomtaja. Angekubali kubadilishwa namba labda wangemchukua. Akakataa, akavuka kwenda Kanada, akaishi na baridi ya Edmonton na kutwaa ubingwa wa kule mara tano mfululizo. Ndipo 1984 Houston wakamwita nyumbani. Mwaka 2006 akawa kotabeki mweusi wa kwanza kuingizwa kwenye jumba lao la heshima. Sasa jiulize, wangapi hawakuwa na nauli ya Kanada?

Januari 1988 Doug Williams akawa kotabeki mweusi wa kwanza kushinda fainali kubwa, Super Bowl. Washington waliipiga Denver 42 kwa 10 na yeye akawa mchezaji bora wa siku. Lakini ilibidi kungoja mpaka Februari 2023, fainali ya 57, ndipo madereva wa pande zote mbili wakawa weusi: Patrick Mahomes wa Kansas City na Jalen Hurts wa Philadelphia. Fainali ya kwanza ilichezwa 1967. Piga hesabu mwenyewe, mimi si nilimwachia mwenzangu daftari?

Na usifikiri ugonjwa huu una rangi moja. Kuna namba nyingine kule, mlinzi wa pembeni anayekimbizana na wenye mbio, ambayo imekuwa ya weusi kiasi kwamba kijana wa kizungu akiitaka watu wanatabasamu. Basi Februari 2025, kwenye fainali, Mzungu mmoja mlinzi wa pembeni wa Philadelphia, Cooper DeJean, aliunasa mpira wa Mahomes huyohuyo na kukimbia nao mpaka mwisho wa uwanja. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, anatimiza miaka 22. Philadelphia wakashinda 40 kwa 22. Aliyekuwa akitabasamu akafunga mdomo.

NYUMBANI KWETU NAKO

Tusiwacheke Wamarekani peke yao. Hapa kwetu kuna mchezo ambao uliwatenga watu kwa rangi mchana kweupe: kriketi.

Mkoloni alikuwa na klabu zake, na jumuiya za Kiasia nazo zikawa na za kwao. Nairobi kulikuwa na klabu ya Magoa, ya Masingasinga, ya Aga Khan. Kila mtu na uzio wake. Mwafrika alikuwa nje ya nyuzi zote.

Mwaka 1975 lilipochezwa Kombe la Dunia la kwanza la kriketi huko Uingereza, ilikwenda timu moja ikiitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Nahodha alikuwa Harilal Shah. Timu karibu nzima ilikuwa ya Waasia na Wazungu wawili. Weusi je? Wawili tu, wote Waganda: Samuel Walusimbi na John Nagenda, yule aliyekuja kujulikana baadaye kama mwandishi na mshauri wa Rais Museveni, akafariki 2023. Afrika Mashariki nzima, na mamilioni yake ya watu, weusi wawili!

Matokeo? Aibu tupu. Mechi ya kwanza, pale Birmingham, mtu mmoja wa New Zealand aitwaye Glenn Turner alipata mikimbio 171 peke yake. Timu yetu nzima ilipata 128. India wakatufunga bila kupoteza wiketi hata moja, na Uingereza nao wakamalizia. Mechi tatu, vipigo vitatu. Bingwa wa mwaka ule alikuwa West Indies.

Sisemi walifungwa kwa sababu ya rangi zao, maana hapo nitakuwa narudia ujinga wangu wa Kigera. Walicheza kadiri ya uwezo wao. Ninachosema ni kwamba ukichagua timu kutoka ndani ya uzio tu, utapata waliomo ndani ya uzio tu.

Tazama kilichotokea nyuzi zilipoanza kulegea. Tarehe 29 Februari 1996, mji wa Pune, India, Kenya ikakutana na West Indies haohao kwenye Kombe la Dunia. Nahodha ni Maurice Odumbe. Kikosini wamo Otieno, Odoyo, Suji na Tikolo. Msomaji wa Musoma, nenda Mwigobero asubuhi mitumbwi ikifika uite "Otieno!" uone watageuka wangapi. Ni majina ya ziwa letu hilihili. Lakini pia wamo Chudasama, Modi, Asif Karim na Tariq Iqbal, wa Kiasia. Kenya wakapata 166. West Indies wakaishia 93, wote nje! Brian Lara, mfalme wa mchezo huo, alitolewa kwa mpira wa Rajab Ali uliodakwa na Tariq Iqbal. Odumbe mwenyewe akaangusha wiketi tatu kwa mikimbio 15.

Mwaka 2003, chini ya Steve Tikolo, wakafika nusu fainali ya dunia. Njiani waliipiga Sri Lanka pale Nairobi, na aliyewamaliza ni Collins Obuya, kijana aliyewahi kuuza nyanya sokoni. Aliangusha wiketi tano. Muuza nyanya! Mwaka 1975 nani angemfungulia geti?

ANALIPA, HACHEZI

Sasa nigeuze kioo. Kwenye kriketi mweusi alikuwa nje ya uzio. Kwenye soka letu, uzio tumeujenga sisi.

Wahindi wa Tanzania tunawajua sana kwenye mpira, ila kwa kazi moja. Simba ina Mohammed Dewji. Yanga iliwahi kuongozwa na marehemu Yusuf Manji. Tukiwa tumefulia tunawashangilia, "Tajiri! Tajiri!" Lakini mtoto wake akisema anataka winga ya kulia, tunacheka. Tunataka mpira wake, mguu wake hatuutaki. Marekani wenye timu wengi ni weupe na zaidi ya nusu ya wachezaji ni weusi, na tunasema kule kuna ubaguzi. Hapa je, tuuite nini? Utani?

Na hatuishii kwa Mhindi. Mimi mwenyewe ni Mkurya. Unajua Mkurya akifika uwanjani anapewa namba gani kabla hajagusa mpira? Beki! "Kaa nyuma, kata miguu." Miaka yote nilitaka namba kumi. Niliumia, nikanung'unika kwa mama, halafu siku nilipopewa madaraka ya kupanga timu nikamfanyia mwenzangu vilevile. Aliyekanyagwa naye hutafuta wa kumkanyaga.

Mwezi uliopita nikajipa moyo nikaenda mjini dukani kwao. Nilimkuta kaunta, sasa ni baba wa mtoto mmoja. Kaunta! Yaani kile tulichomtabiria tukakisaidia kitimie. Nilinunua kilo moja ya misumari nisiyokuwa na kazi nayo.

"Kaka, unanikumbuka?" nikamuuliza.

"Nahodha," akasema palepale. Hakucheka.

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa ile Jumamosi. Alinyamaza kidogo, akawa anafunga misumari kwenye gazeti. Halafu akasema, "Unajua kilichoniuma si kukaa nje. Mlikuwa kumi. Mlikuwa kumi, kaka, na mimi nimeshavaa viatu."

Sikuwa na jibu, msomaji wangu. Hata sasa sina.

Nikamwambia siku hizi Jumapili jioni tunacheza sisi wenye vitambi, uwanja uleule, aje. Akasema ataangalia, duka lina kazi. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Namba saba ina mtu?"

"Haina," nikasema.

Jumapili ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Jumapili iliyopita baiskeli ilisimama pembeni ya uwanja, na juu yake alikuwepo mtoto wa miaka kama sita nyuma ya baba yake. Sitakudanganya kwamba alifunga bao. Pumzi hana, krosi zake mbili zilikwenda ziwani. Lakini upande wa kulia ulikuwa na mtu.

Wewe unayepanga timu mtaani kwako, shuleni, hata ofisini: kabla hujampa mtu namba kwa sura yake, mpe kwanza mpira umwone. Na kama mko kumi, tazama pembeni. Huenda kuna mtu kashavaa viatu.