Mgeni Mwenye Daftari

Ushuhudiaji ni mbinu ya utafiti ambayo mtafiti hamuulizi mtu anafanya nini, bali anakaa na kumtazama akifanya. Jina hilo, lililozoeleka katika tasnifu za vyuo vikuu, lina harufu kidogo ya mahakamani, lakini ndilo lililoshika. Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, kazi hii inajulikana kwa sura nyingine. Huko kwenye majaruba ya mpunga ya skimu ya Lower Moshi, watafiti wa chuo cha tiba cha KCMC wana vibanda vya majaribio. Usiku mtu hulala humo chini ya chandarua, asubuhi mbu wanahesabiwa: wangapi waliingia, wangapi walishiba damu, wangapi walikimbilia barazani, wangapi walikufa. Mbu wa huko, Anopheles arabiensis, ana fadhila moja kwa mtafiti. Hajui kwamba anatazamwa, na hata angejua asingejali.

Binadamu anajali, na hapo ndipo saikolojia inapopata taabu.

Aina za ushuhudiaji ni nyingi na hazina haja ya kuchosha mtu: wa mazingira halisi au wa maabara, wa kushiriki au wa kukaa pembeni, wa wazi au wa siri. Kanuni iliyo muhimu zaidi ilitoka kwa Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli, upande wa pili wa Mlima Kilimanjaro. Katika makala yake ya mwaka 1974 alionyesha kuwa jicho la mtafiti huvutwa na ugomvi na vituko, likaacha yale ya kawaida. Dawa yake ni kumteua mmoja, kumfuata kwa muda uliopangwa, na kuandika yote, hata kama amelala tu. Wanasaikolojia wanaowatazama watoto wakicheza hutumia utaratibu huohuo.

Lakini nyani akishamzoea mtu humwacha akae. Mtu anayetazamwa hujirekebisha. Badiliko hilo limepewa jina la Hawthorne, kiwanda cha karibu na Chicago kilichofanyiwa majaribio kati ya 1924 na 1932, ambako ilisimuliwa kwamba wafanyakazi waliongeza bidii taa zikiongezwa mwanga au zikipunguzwa, mradi tu kulikuwa na mtu anayewafuatilia. Takwimu zile zilipochambuliwa upya miaka mingi baadaye, hadithi ilionekana nzuri kuliko ushahidi wake. Ushahidi mzuri zaidi uko karibu: Arusha.

Watafiti Kenneth Leonard na Melkiory Masatu walikwenda katika vituo vya afya vya mkoa huo kupima ubora wa kazi ya madaktari, neno ambalo kwa wagonjwa wengi linamjumuisha tabibu pia. Swali lao lilikuwa gumu: utajuaje daktari anafanyaje kazi asipotazamwa, bila kumtazama? Waliwategemea wagonjwa. Kila mgonjwa alipotoka aliulizwa mambo mepesi. Je, uliulizwa homa imeanza lini? Uliulizwa kama mtoto alitapika? Daktari alivuta kope la chini kuona kama damu imepungua? Alimgusa tumbo? Maswali hayo waliulizwa waliotibiwa kabla mtafiti hajaingia chumbani, na pia waliotibiwa mtafiti akiwa amekaa pembeni na daftari lake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Mtafiti alipoingia, ubora ulipanda. Kisha ukashuka, na kati ya mgonjwa wa 10 na wa 15 ukawa umerudi ulipokuwa.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya kwanza wali unapikwa kwa nazi, kuku anachinjwa, sahani za maua zinatolewa kabatini, watoto wanaamkia bila kukumbushwa. Siku ya pili kuku hayupo, lakini sahani bado ni zilezile. Siku ya tatu mama mwenye nyumba amechoka kujikumbusha, mtoto anapiga kelele, mgeni anapewa ugali kwenye sahani ya bati, na hapo ndipo anapoijua nyumba. Hakuna aliyeamua kumdharau. Kuangalia kila tendo la mkono wako kunachosha akili, na mazoea hayachoshi. Macho yasiyosifu wala kukaripia yakizoeleka, mazoea hushika tena usukani. Mgonjwa wa 15 ni siku ya tatu ya daktari.

Wengi wangeishia hapo na kusema ushuhudiaji hudanganya. Leonard na Masatu waliligeuza jambo hilo, na ndio uzuri wa kazi yao. Sahani za maua hazikuazimwa kwa jirani. Zilikuwamo kabatini siku zote. Daktari aliyeuliza maswali yote mbele ya mtafiti alikuwa anayajua tangu awali. Hivyo tofauti kati ya mgonjwa wa kwanza aliyetazamwa na wale wa kabla yake ni kipimo cha pengo kati ya uwezo na utendaji. Katika makala ya mwaka 2010 walilipima pengo hilo, wakakuta kwamba katika baadhi ya taasisi ni dogo: huko madaktari hufanya kazi karibu na kiwango chao cha juu hata kusipokuwa na mgeni.

Njia nyingine za kuishinda tabia hii ya mtu kujirekebisha akitazamwa zipo. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyewafuatilia watoto wachanga wa familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala miaka ya 1954 na 1955, alirudi kwenye nyumba zilezile kwa miezi. Nchini Bangladesh watafiti wa unawaji mikono walificha vihisio vya mwendo ndani ya sabuni. Utafiti uliotoka mwaka 2010 ulionyesha kuwa siku ya kutembelewa na mtazamaji, sabuni ilichezeshwa kwa asilimia 35 zaidi.

Kwa wakaguzi wa zahanati, Mabogini au kwingine, hesabu ya Arusha ina tafsiri ya moja kwa moja: anayekaa chumbani kwa wagonjwa watano kisha akasaini kitabu cha wageni amepima kile daktari anachoweza, hajapima kile anachofanya.