Pombe Humnyima Mtu Kusoma Nyuso

Katika kituo cha biashara cha Busiu, kando ya barabara ya Tororo kwenda Mbale, pombe ya ulezi hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Hiyo ni desturi ya zamani ya Wagisu, na hushamiri katika miaka shufwa, wakati wa tohara ya imbalu. Hatari huanza pale mtu anaposhindwa kuamka bila kinywaji, hasa akihamia waragi, iliyo kali zaidi.

Kila mtu hujua kwamba mlevi hupepesuka. Wachache hujua kwamba madhara humfuata hata siku ambayo hakunywa. Pombe ya miaka mingi hudhoofisha sehemu ya mbele ya ubongo, inayopanga mambo na kuzuia hasira. Aidha, huupunguzia mwili vitamini B1, ambayo ikikosekana sana kumbukumbu huharibika.

Tangu mwisho wa miaka ya 1990, wachunguzi wa Ubelgiji waliwaonyesha picha za nyuso watu waliokwisha kuacha pombe kwa majuma machache. Wengi waliona hasira mahali isipokuwapo, wala hawakutambua kwamba wanakosea.

Msiba huo huingia nyumbani. Mama amekunja uso kwa moshi wa jikoni. Baba huona dharau. Mtoto analia kwa homa. Baba huona utundu. Ugomvi huzuka, na kila mmoja huamini kwamba amedhulumiwa.

Yafaa basi jamaa waseme waziwazi: “Nimechoka, sikukasirika.” Mambo mazito yazungumzwe asubuhi, mtu akiwa hajalewa. Lakini maneno hayo si ruhusa ya kuvumilia kipigo. Anayepigwa atafute msaada mapema.

Aliyezoea kunywa kila siku asilazimishwe kuacha ghafla akiwa peke yake. Akitetemeka, akipatwa na kifafa au akiona vitu visivyokuwapo, apelekwe upesi kituo cha afya au hospitali ya Mbale, kwani hali hiyo huweza kuua. Waganga wana dawa za kumvusha salama, pamoja na vitamini B1.

Baada ya majuma na miezi bila pombe, fikira huanza kurejea. Kusoma nyuso huweza kuchelewa zaidi. Kwa hiyo jamaa wasikate tamaa wamwonapo aliyeacha pombe bado ana ukali: ubongo wake ungali unapona.