Kokoto Kwenye Jino la Mjomba

Sogeeni karibu, wanangu, maana bodaboda za Mtaa wa Uhuru hazinipi nafasi ya kuongea taratibu.

Wiki iliyopita nilikwenda kusafishwa meno. Daktari akanichungulia mdomoni, akatikisa kichwa, akaandika kwenye kadi yangu neno moja: calculus. Nikarudi dukani na kadi mfukoni. Mpwa wangu, huyu aliye kidato cha tano, alikuwa amekaa juu ya robota la kanga anasoma. Nikaangalia jalada la kitabu chake: Calculus. Nikamwonyesha kadi. Alicheka nusura aanguke. "Mjomba, kumbe una hesabu mdomoni!"

Mimi sikucheka. Neno moja litakaaje kwenye kitabu cha shule na kwenye meno ya muuza kanga?

Ni la Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na maana yake haina makuu: kijiwe. Limetoka kwenye calx, jiwe la chokaa, na calculus ni udogo wake, kama sisi tunavyotoa kijiwe kwenye jiwe. Basi daktari hakukosea. Ukoga ukiachwa unaganda kwenye jino mpaka unakuwa mgumu, na kwa lugha ya kitabibu hicho ni kijiwe. Mwenye mawe kwenye figo naye huandikiwa neno hilohilo.

Haya, kijiwe kimefikaje kwenye hesabu? Tazameni kule ng'ambo, lori linashusha mzigo. Wachukuzi wanapita mmoja mmoja, robota begani, na yule kijana mlangoni anahesabu. Kila yakitimia kumi, anaweka kokoto moja kwenye ukingo wa baraza. Simu anayo, lakini mikono ina kazi na dereva ana haraka. Akiitwa na mtu, akageuka, akabishana kidogo, akirudi anazikuta kokoto zake palepale, na idadi haijapotea.

Warumi walifanya vivyo hivyo, ila wao walikuwa na ubao wenye mifereji. Kijiwe kwenye mfereji huu ni moja, kwenye ule ni kumi, kwenye mwingine ni mia. Mwalimu wa hesabu walimwita calculator, mtu wa vijiwe. Alikuwa binadamu kabisa, mwenye kula na kulala, na jina lake ndilo leo Waingereza wamelipa kile kimashine tunachokiita kikokotoo.

Na hapo ndipo masikio yangu yaliposimama. Fungueni kamusi ya Kiswahili kwenye K: kokota, kokoto, kokotoa, yamejipanga kama watu kwenye foleni ya basi la mwendokasi. Kokota imetuzalia mkokoteni, ule unaotukanyaga vidole hapa kila siku. Kokotoa ni kupiga hesabu. Ila msiseme kikokotoo mbele ya mstaafu bila kujiandaa! Mwaka 2018 kanuni mpya ya kukokotoa mafao iliwatia watu joto nchi nzima, mpaka mwezi Desemba Rais Magufuli akaagiza irudiwe ile ya zamani. Tuyaache hayo.

Maneno husafiri, na yakifika hubadilisha nguo. Hata hapa mlipokaa, jina ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndimi zetu zikalilainisha likawa Kariakoo. Calculus nayo iliendelea na safari. Katika karne ya 17, Isaac Newton, Mwingereza, na Gottfried Leibniz, Mjerumani, kila mmoja kivyake, walitafuta hesabu ya vitu visivyotulia. Leibniz alichapisha yake mwaka 1684, na jina la kijiwe likaganda hapo.

Vitu visivyotulia ni kama basi la mwendokasi linapoondoka kituo cha Msimbazi. Linaanza polepole, linakaza, linafunga breki. Ukiuliza lilikuwa na kasi gani lilipopita mbele ya duka fulani, kugawa urefu wa safari yote kwa muda wote hakukusaidii, utapata wastani tu. Newton na Leibniz wakasema: kata muda vipande vidogo, kisha vidogo zaidi, mpaka kila kipande kiwe kama punje, halafu uliza basi limesogea kiasi gani ndani ya punje hiyo. Na ukitaka safari nzima, jumlisha punje zako zote. Mpwa wangu anasema kwenye mtihani si rahisi hivyo. Namwamini.

Jioni tulipofunga duka tulipita kwa wazee wa bao. Warumi, nilikuwa nikimweleza njiani, hata kete za michezo yao waliziita kwa neno hilohilo. Pale baoni kuna mashimo 32 na kete 64 za komwe. Mzee mmoja alikuwa kimya, mkono hewani, macho yakizunguka shimo hadi shimo: anazisambaza zote kichwani kabla hajagusa hata moja. Kete ikadondoka chini. Mpwa wangu akaiokota, akaigeuzageuza kiganjani.

"Calculus," akasema.

"Hiyo ni kete yangu, mjukuu wangu," mzee akamjibu bila kuinua macho. "Irudishe, mtaji wangu haujaisha."