Giaboksi ya Kombi Ndani ya Beetle

Ukitoka ufukweni mwa ziwa mjini Gisenyi, karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, barabara ya Musanze inapanda mpaka inapita mita 2,000. Volkswagen Beetle ya zamani hapo inahema. Haina rejeta wala maji ya kuchemka. Feni ndiyo inayoipoza. Ila hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya 1200 iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 34 hubaki na kama 29 hata kabla ya mlima kuanza.

Wenye magari hukimbilia injini kubwa. Kuifunga si kazi: nati nne tu na injini iko chini. Inayoumia ni giaboksi, ambayo kwenye Beetle imo pamoja na difu ndani ya ganda moja la magnesi. Nguvu ikizidi, pinioni inaisukuma kraunwili pembeni, kifuniko cha ubavuni kinajipinda, meno yanakamatana kwa ncha, kisha yanameguka. Si kwamba ni dhaifu kwa injini iliyozaliwa nayo: mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda Safari Rally kwa Beetle ya 1200.

Hapo ndipo fundi anapoitazama Kombi ya 1968 na kuendelea, iliyoundwa kubeba kama tani moja. Giaboksi yake ni nene zaidi, kraunwili pana. Anayesema inaingia bila shida hajawahi kulala chini ya gari. Ni ndefu, kwa hiyo vishikizo vinatengenezwa upya. Pua yake inavuliwa na kuvishwa ya Beetle ili mkono wa gia ufike. Jointi zake za ekseli zina kipenyo cha milimita 100 badala ya 94. Beetle kongwe zaidi inabidi ibadilishwe mfumo mzima wa ekseli za nyuma.

Halafu kuna hesabu ya meno. Uwiano wa difu ya Kombi ya 1600 ya 1968 hadi 1971 ni 5.375, wa Beetle ya 1200 ni 4.375. Katika gia namba moja, gurudumu likizunguka mara moja injini ya Beetle inazunguka karibu mara 17. Ukiwa na giaboksi ya Kombi, zaidi ya 20. Kwenye barabara kuu za Ujerumani hizo ni kelele tupu. Hapa Gisenyi hiyo ndiyo gia ya kupandia unayoitaka, na ukirudi ziwani injini yenyewe inalishika gari, breki za ngoma zisichemke.