Stroberi ya Chandler: Kwa Nini Haipandwi kwa Mbegu

Mkulima anayeuziwa pakiti ya mbegu kwa jina la Chandler huenda akapata stroberi, lakini hatapata Chandler. Ni vyema wakazi wanaotaka kuanza kilimo hiki walijue hilo kabla ya kutoa pesa.

Chandler ilizalishwa na watafiti Royce Bringhurst na Victor Voth wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, na kutolewa kwa wakulima mwaka 1983. Mzazi wake mmoja ni aina iitwayo Douglas. Katika kazi hiyo, chavua ya mmea mmoja hupakwa kwenye ua la mwingine, mbegu huoteshwa, kisha miche mingi hujaribiwa na michache tu kubakizwa. Kila mche hutoka na tabia yake, kama watoto wa tumbo moja. Tofauti huwa kubwa kwa sababu stroberi ina seti 8 za kromosomu, ilhali binadamu ana 2. Kila Chandler halisi iliyopo leo ni kipande kilichotokana na mche ule mmoja uliochaguliwa, wenye matunda makubwa, mekundu, matamu na yanayofaa kuliwa au kupikwa jemu.

Aina hii hutoa maua siku zikiwa fupi. Hapa kwetu karibu na Ikweta, mchana huwa takriban saa 12 mwaka mzima, hivyo penye baridi na maji ya kutosha yaweza kuzaa kwa miezi mingi. Lakini vikonyo vyake vinavyotambaa na kutoa miche mipya hupenda siku ndefu, kwa hivyo huku huwa vichache. Ndiyo maana wakulima wengi hung'oa mmea uliokomaa na kuugawa, kila kipande kikibaki na mizizi yake.

Hatari iko hapo. Chandler hushikwa kwa urahisi na chule, ukuvu unaotia matunda madoa meusi yaliyobonyea na kuozesha shina. Mmea mama unaweza kuonekana mzima huku umeubeba, na ukigawanywa, ugonjwa husambaa shamba zima. Omba kuuona mmea mama shambani. Pasua shina la mche mmoja: likiwa na rangi ya kahawia nyekundu ndani, usinunue. Nunua kwenye vitalu vilivyokaguliwa na KEPHIS, na ukiwa na shaka, muulize afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya kupanda.