Vigae vya Kilwa na Kazi ya Mwanaakiolojia

Maji yanapokupwa katika ufuko wa Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania, mtembezi huona vipande vya vyombo vilivyovunjika vikiwa vimetapakaa mchangani. Vingine vinang'aa, navyo vina rangi ya kijani au samawati: hivi ni vya vyombo vilivyoletwa kwa jahazi kutoka Uajemi na China. Vingine, navyo ndivyo vilivyo vingi, ni vya udongo mwekundu au mweusi, vyenye masizi ya moto wa jikoni. Mgeni huinama akaokota kile kinachong'aa. Kigae cha chungu hukikanyaga akapita.

Kwa miaka mingi wataalamu nao walifanya jambo linalokaribia hilo. Walipoyatazama magofu ya Kilwa, ule msikiti mkuu wenye kuba na jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya mia, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, walijiuliza ni nani aliyeijenga miji hii. Habari za kale za Kilwa zilitaja wana wa mfalme waliotoka Shiraz. Vyombo vya kigeni vilionekana kuzithibitisha. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji wa Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha taarifa yake katika juzuu mbili mwaka 1974, alikuwa mtafiti makini sana, na bado kazi yake hutumiwa. Lakini naye aliiona miji ya pwani kuwa imeanzishwa hasa na wageni waliovuka bahari. Waswahili wenyewe, katika simulizi hiyo, walibaki kama watu waliokaribishwa mjini mwao.

Si haki kusema kwamba vigae vya kigeni vilipendelewa kwa sababu ya uzuri wao tu. Aina za vyombo vya China zinajulikana zilitengenezwa zama zipi, hivyo kigae kimoja huweza kuutajia mtafiti karne. Chungu cha kupikia wali hakikuwa na msaada huo. Ilibidi kwanza kisomwe.

Namna ya kuusoma udongo

Mwanaakiolojia hachimbi kama mtafuta hazina. Kwanza hulitembea eneo lote, akalipima na kulichorea ramani. Kisha hulikata kwa vigingi na kamba katika miraba. Udongo hubanduliwa kwa mwiko wa mwashi, sentimeta tano au kumi kwa mara moja, na kila karai hupitishwa katika chekeche ili ushanga mdogo au mfupa wa samaki usipotee. Kila kinachopatikana hutiwa katika mfuko wake pamoja na karatasi yenye namba ya mraba, tabaka na tarehe.

Uangalifu huo wote una sababu moja. Tabaka la chini kwa kawaida ni la kale kuliko lililo juu yake. Kwa hiyo thamani ya kigae imo katika mahali kilipolala na vitu kilivyolala navyo. Kigae kilicho tabaka moja na mkaa huweza kupewa umri, kwa kuwa mkaa una kaboni-14, ambayo nusu yake hupotea katika kila kipindi cha miaka 5,730 hivi. Yapo pia ya kutahadhari nayo: mizizi, mchwa na, kwa watu wa pwani, kaa, ambao huchimba mashimo na kuteremsha vitu vya juu mpaka chini. Mtafiti asiyewajua kaa huweza kuandika historia ya ajabu.

Mwanakemia akikosea jaribio huweza kulirudia kesho. Mwanaakiolojia hawezi kulirudisha tabaka alilokwisha kulibandua. Kuchimba ni kuharibu, na kinachobaki ni daftari, michoro na picha. Ndiyo maana Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kuchimba bila leseni, na huvilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kigae kilichookotwa na kutiwa mfukoni na mgeni wetu kimepoteza mahali pake. Sasa ni pambo tu.

Vyungu vyatoa ushahidi

Katika miaka ya 1980 Mark Horton na wenzake walichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu nchini Kenya. Juu ya ardhi palikuwa na magofu ya mawe ya matumbawe, pamoja na msikiti wa Ijumaa. Walipoteremka chini ya sakafu ya msikiti huo walikuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine tena. Ile ya chini kabisa haikuwa na jiwe hata moja. Ilikuwa imebaki alama tu udongoni, za mashimo ya nguzo: nyumba ndogo za ibada zilizojengwa kwa miti, za karne ya 8. Mji wa mawe ulikuwa umekua juu ya kijiji cha miti, hatua kwa hatua, mahali pale pale.

Na katika matabaka hayo ya mwanzo vyombo vya kigeni vilikuwa sehemu ndogo. Vilivyo vingi vilikuwa vyungu vilivyofinyangwa papo hapo pwani, vyenye michoro ya pembetatu shingoni. Vyungu vya namna hiyo, vya karne ya 7 hadi ya 10 hivi, vimepatikana kutoka visiwa vya Lamu mpaka Msumbiji, na hata bara, mbali na bahari. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika tasnifu yake ya mwaka 1994, alionyesha uhusiano wa vyungu hivyo na vya wakulima wafua chuma walioishi pwani hii kabla yao. Kigae kile kinachokanyagwa ufukoni kilikuwa kimeshika jibu ambalo kauri haikuweza kulitoa.

Wanaofanya kazi hii

Wanafunzi wengi hudhani kwamba mwanaakiolojia huishi shimoni. Kwa kweli wiki chache za kuchimba huleta kazi ya miezi mingi mezani: kuosha vigae, kuvihesabu, kuvipima midomo, kuvichora, kuvitenga kwa aina. Ni kazi inayochosha, na asiyeipenda asidanganywe na picha za magazetini. Mifupa humhitaji mtu ajuaye biolojia. Mavi ya chuma, ajuaye kemia. Ramani na miraba, ajuaye jiografia na hesabu. Mwenye Kiarabu husoma sarafu na maandishi ya makaburini. Hivyo mwanafunzi wa sayansi na yule wa historia wote wana nafasi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha somo hili tangu miaka ya 1980. Wahitimu huajiriwa katika makumbusho, katika ofisi za mambo ya kale na vyuoni. Wengine huitwa kukagua ardhi kabla ya barabara au bomba kupitishwa. Cheo peke yake hakitoshi. Kamoya Kimeu wa Kenya alianza kama kibarua wa kuchimba bila elimu ndefu ya shule, naye ndiye aliyeliona mwaka 1984, karibu na Ziwa Turkana, lile pande dogo la fuvu lililoongoza kwenye mifupa ya kijana wa Nariokotome, mwenye umri wa miaka milioni moja na nusu hivi.

Atakayeingia katika kazi hii sasa atalikuta swali la pwani likiwa bado wazi. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa DNA ya watu waliozikwa katika miji ya Waswahili kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi walikuwa na asili mbili: ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na ya Kiasia, hasa ya Uajemi, kwa upande wa baba, na mchanganyiko huo ulikuwa umekwisha kuanza kufikia mwaka 1000 hivi. Simulizi za Shiraz hazikuwa uzushi mtupu, wala vyungu havikusema uongo: kijiji cha Shanga kilikuwapo kabla ya mwaka huo. Lakini wengi wa waliochunguzwa walizikwa katika makaburi ya watu wenye hadhi. Waliokaa katika nyumba za miti na udongo, pembezoni mwa majumba ya mawe, walikuwa wengi kuliko hao, na sehemu kubwa ya mitaa yao haijachimbwa.